Memori kadi na simu hazielewani: dalili, chanzo na la kufanya

Memori kadi ikigoma kwenye simu, wengi huanza na dawa ya mwisho: wanaifomati, yaani wanaifuta yote na kuipanga upya. Ikikubali, picha zimeshakwenda. Isipokubali, wananunua nyingine ya aina ileile, nayo inagoma vilevile. Mimi huanza kwa kuuliza kitu kimoja: mwenye kosa ni kadi au ni simu?

Jibu halichukui hata dakika tano. Toa kadi inayosumbua uiweke kwenye simu nyingine au kwenye kompyuta. Kisha azima kadi unayojua ni nzima uiweke kwenye simu yako. Kadi yako ikigoma kila mahali, ugonjwa ni wake. Simu yako ikikataa kila kadi, tatizo liko kwenye tundu la kadi au kwenye simu yenyewe. Lakini kadi ikisomeka kwingine vizuri, na simu yako nayo ikasoma kadi ya watu bila shida, basi hakuna kilichoharibika. Haziendani tu, na huko ndiko kwenye maneno mengi, kwa sababu kosa lilifanyika siku ya kununua.

Mpaka ujue uko kundi gani kati ya hayo matatu, usiguse kitufe cha kufomati.

Kadi haiingii, au inaingia lakini haikai

Kadi ya simu kwa kawaida ni microSD, yenye urefu wa milimita 15, upana wa 11 na unene wa 1. Ile kubwa ya kamera ni SD ya kawaida na haina njia ya kuingia kwenye simu. Ndogo inaweza kuingia kwenye kamera kupitia adapta, kubwa haiwezi kurudi kuwa ndogo.

Kuna simu ambazo hata microSD zinaikataa. Huawei walipotoa Mate 20 mwaka 2018 walikuja na kadi yao iitwayo Nano Memory, yenye umbo la laini ya nano, milimita 12.3 kwa 8.8. Wapo waliofikiria kuikata microSD kwa mkasi ili itoshe, kwa kuwa waliwahi kukata laini ikakubali. Laini ni plastiki tupu yenye kichipu kidogo katikati. Memori kadi imejaa silikoni karibu mwili mzima, kwa hiyo ukiikata umeiua.

Simu nyingine zina trei yenye nafasi mbili kwa matumizi matatu: laini ya kwanza, halafu laini ya pili au memori kadi. Ukitaka vyote vitatu hupati. Tazama trei yenyewe: kama nafasi moja imechongwa maumbo mawili yaliyolaliana, ni ya kuchagua. Nyingine hazina nafasi kabisa. iPhone hazijawahi kuwa nayo, Pixel za Google vilevile, na Samsung waliiondoa kwenye mfululizo wa Galaxy S kuanzia S21 ya 2021. Kwa simu hizo kadi utaisoma kupitia kisomeo cha nje kinachochomekwa kwenye tundu la chaji, na si kitu cha kukaa nacho mfukoni siku nzima.

Simu haionyeshi dalili yoyote ya kuiona kadi

Anza na uchafu. Geuza kadi utaona vipande vinane vya rangi ya dhahabu vilivyojipanga mstari mmoja. Vikiwa na ukungu wa mafuta ya vidole au alama za kijani, pangusa kwa pamba yenye tone la spiriti safi, acha ikauke, zima simu, weka kadi, washa. Usipulize ndani ya tundu kwa mdomo, unapeleka mate mahali pa umeme.

Kama ni safi na bado hakuna kitu, angalia ukoo wa kadi. Hapa ndipo wenye simu za zamani na simu ndogo za vitufe hunaswa. Kadi za SD zimegawanyika kwa ujazo hivi: zile za mwanzo, SD tupu, huishia GB 2. SDHC, zilizokuja 2006, huanzia juu ya GB 2 hadi GB 32. SDXC, za 2009, huanzia juu ya GB 32 hadi TB 2 (TB moja ni kama GB elfu moja). Kisha kuna SDUC inayofika TB 128, ambayo kwenye simu bado si habari ya kila siku.

Simu mpya husoma kadi za zamani, lakini simu ya zamani haina lazima ya kusoma kadi mpya. Simu iliyoundwa kwa SD tupu haitaiona SDHC hata uifomati mara mia, kwa sababu SDHC inahesabu nafasi zake kwa utaratibu mwingine na simu haijui lugha hiyo. Hilo halina ujanja, nunua ya GB 2.

Kati ya SDHC na SDXC ukuta ni mwembamba. Simu nyingi zilizoandikwa "hadi GB 32" husoma kadi ya GB 64 ikishafomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa mafaili wa zamani, kwa sababu kinachozishinda ni mpangilio tu, kadi yenyewe zinaifahamu. Nasema nyingi, sisemi zote. Kama ni simu unayoitegemea, kaa ndani ya kiwango kilichoandikwa.

Kwa simu za kisasa mambo ni kinyume chake. Ukisoma "hadi GB 512" na wewe una ya TB 1, usiogope mapema. Simu inayosoma SDXC inafuata kanuni inayofika TB 2, na ile namba kwenye maelezo mara nyingi ni kadi kubwa kuliko zote iliyopatikana kujaribiwa simu ilipotoka. Ijaribu kwanza ndipo uilaumu.

Simu inaiona, lakini inasema kadi imeharibika au haitumiki

Ujumbe huu umepoteza picha nyingi kuliko maji na moto. Simu inaposema "kadi imeharibika" mara nyingi maana yake ni "sielewi kilichoandikwa humu". Hayo ni mambo mawili tofauti.

Sababu ya kwanza ni mfumo wa faili, yaani ule mpangilio wa mafaili niliotaja. Kadi za SDHC hutoka kiwandani na FAT32, za SDXC hutoka na exFAT. Kwa miaka mingi exFAT ilikuwa mali ya Microsoft iliyohitaji leseni, na baadhi ya watengenezaji wa simu za bei nafuu hawakuiweka. Microsoft waliweka maelezo yake hadharani mwaka 2019, ikaingia kwenye kiini cha Linux ambacho Android imejengwa juu yake. Kwa hiyo unaweza kuwa na simu ya miaka ya kati yenye uwezo wote wa kusoma kadi ya GB 128, ila ikiiona exFAT inasema imeharibika. Peleka kadi kwenye kompyuta. Ikisomeka, nakili kila kitu nje, kisha irudishe kwenye simu na uifomati humohumo ndani ya simu. Itaiandika kwa mfumo inaoujua yenyewe. Kadi iliyofomatiwa NTFS kwenye kompyuta ya Windows hugoma kwa sababu hiyohiyo kwenye simu nyingi.

Sababu ya pili ni kadi iliyotoka kwenye simu nyingine. Kuanzia Android 6.0 ya 2015, simu inaweza kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi yake ya ndani. Ikifanya hivyo inaifunga kwa ufunguo wa siri unaobaki ndani ya simu hiyo hiyo. Ukiihamishia simu nyingine au kompyuta, inaonekana kama takataka tupu. Dawa ni kuirudisha kwenye simu ya kwanza, kuhamisha vitu, ndipo uitoe. Kama simu ya kwanza imekufa au imefutwa yote, ufunguo umekwenda nayo na hakuna fundi atakayezifungua picha hizo.

Sababu ya tatu ni kuchomoa kadi simu ikiwa inaandika. Kompyuta ya Windows ina kazi ya kukagua na kurekebisha diski, ijaribu hiyo kwanza. Ikishindikana, programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuchimba picha, kwa sharti kwamba hujaandika kitu kipya juu yake.

Kadi ya GB 64 inaonyesha GB 59

Hujaibiwa. Kiwandani gigabaiti moja ni baiti bilioni moja. Kompyuta na baadhi ya simu huhesabu 1,024 kwa 1,024 kwa 1,024, kwa hiyo 64 inasomeka 59.6, 128 inasomeka 119.2, na 32 inasomeka 29.8. Ukiona 64 inasomeka 29, au 128 inasomeka 7, hapo sasa umeibiwa.

Picha zina nusu ya kijivu, video mpya hazifunguki, za zamani zimepotea

Dalili hii ndiyo inayonifanya niandike. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa GB 256. Simu ilionyesha 238, hesabu sawasawa. Wiki za mwanzo picha zilikaa vizuri. Halafu picha moja ikafunguka kichwani nzuri, kifuani kijivu. Kesho yake tatu. Wiki iliyofuata albamu ilikuwa na majina na tarehe zote, na ndani hamna kitu. Nililaumu simu kwa siku kadhaa kabla sijaipeleka kadi kwenye kompyuta na kuipima. Ilikuwa na GB 16 tu za kweli.

Uongo huo hufanywa hivi. Ndani ya kila kadi kuna kidhibiti kidogo kinachoiambia simu ukubwa wa kadi. Matapeli huchukua kadi ndogo na kukifundisha kidhibiti kusema namba kubwa. Simu inaamini, kwa sababu haina njia ya kukagua isipokuwa kwa kuijaza. Unapoandika ndani ya nafasi ya kweli, kila kitu ni salama. Ukivuka mpaka, data mpya ama inatupwa hewani ama inaandikwa juu ya ile ya zamani. Orodha ya mafaili inabaki, ndiyo maana majina unayaona.

Kipimo chake ni kimoja: ijaze yote kisha usome ulichoandika. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinajaza kadi kwa mafaili ya GB moja moja, kisha zinayasoma upya na kulinganisha. Uwe na subira. Kadi ya GB 128 inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde itachukua kama saa moja na dakika 47 kuandikwa tu, na kusoma bado. Iache usiku. Mimi hakuna kadi inayopata picha yangu hata moja kabla haijapita hapo.

Huna kompyuta? Nakili video kubwa kwenye kadi mpaka ijae. Zima simu, iwashe tena, kisha fungua zile za kwanza na zile za mwisho. Kuzima ni muhimu, kwa sababu simu inaweza kukuonyesha kitu ambacho bado kiko kwenye kumbukumbu yake ya muda na kukudanganya kwamba kimeandikwa.

Kuna uongo unaoonekana kwa macho kabla hujatoa pesa. Kadi yenye alama ya HC haiwezi kuzidi GB 32, hiyo ndiyo maana ya HC. Ukiona "128 GB" juu na "HC" chini, kadi imejikana yenyewe. Vivyo hivyo XC kwenye GB 16. Na bei ikiwa robo ya bei ya kadi nyingine za ujazo huo, mpunguzo mwingine uko ndani ya kadi.

F3 ina sehemu ya kuikata kadi bandia ibaki na ujazo wake wa kweli. Nimewahi kufanya. Sikuitumia tena baada ya hapo, maana aliyedanganya ukubwa sina sababu ya kuamini ubora wake.

Faili kubwa linagoma kunakiliwa na nafasi ipo

FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Sinema ndefu au nakala ya simu nzima itakwama hapo hata kadi ikiwa tupu. Kama simu yako inasoma exFAT, nakili vitu nje, fomati kwa exFAT, basi. Kama haisomi, ligawe faili.

Video inakatika wakati wa kurekodi, au simu imekuwa nzito tangu uweke kadi

Chukua kadi uisogeze karibu na macho. Utaona alama zimebanana kama wadudu. Herufi XC umeshaijua. Namba ya Kirumi I pembeni yake ni aina ya njia ya data, yaani UHS-I, ambayo mwisho wake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Herufi U yenye 1 au 3 tumboni ni kitu kingine kabisa, na watu huzichanganya: hiyo ni ahadi ya mwendo wa chini wa kuandika, 1 ni megabaiti 10, 3 ni megabaiti 30. Herufi C yenye 10 tumboni ni megabaiti 10. V10 ni 10, V30 ni 30, V60 ni 60. Ahadi tatu zinaweza kusema jambo lilelile, mtengenezaji anapenda tu kujaza kadi.

Ile namba kubwa ya mbele, "megabaiti 150 kwa sekunde", ni mwendo wa kusoma katika hali nzuri kabisa, tena mara nyingi kwa kisomeo maalumu cha kampuni hiyo. Simu yako haitaufikia. Kadi za UHS-II zina mstari wa pili wa vipande vya dhahabu ambao simu hazina cha kuugusa nao, hivyo ndani ya simu hutembea kama UHS-I ya kawaida. Usilipe ziada.

Sasa hesabu. Video ya 4K ya simu hutumia kama megabiti 50 kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo ni kama megabaiti 6. Kadi ya U1 inaahidi 10. Kwa karatasi inatosha, na kwa kadi mpya nzima kweli hutosha. Mimi hupendekeza U3 au V30 kwa 4K kwa sababu kadi ikijaa na kuchakaa hupunguza mwendo, na ule ziada ndio unaokuokoa. Lakini ukisikia kadi ya U1 inakata video ya kawaida ya HD, shida si daraja. Ni bandia, imechoka, au imejaa mabaki. Ipime kabla ya kununua ya gharama.

Uzito wa simu ni habari nyingine. Kurekodi video ni kuandika mfululizo, kuendesha programu ni kusoma vipande vidogo vidogo maelfu kutoka kila kona. Kwa hiyo tazama alama ya A. A1 inaahidi angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande kwa sekunde, A2 inaahidi 4,000 na 2,000. A2 inahitaji simu inayojua kutumia foleni ya amri, yaani kuipa kadi maagizo mengi kwa mpigo, vinginevyo huoni tofauti kubwa na A1. Kwa simu ya kawaida, A1 ya kweli inatosha. Kama kadi haina A yoyote, weka picha na muziki tu, programu zibaki ndani ya simu.

Programu zimepotea baada ya kutoa kadi

Zilikuwa zimehamishiwa kwenye kadi. Zima simu, irudishe, washa. Ukitaka kubadilisha kadi, zihamishe kwanza kurudi ndani ya simu kupitia mipangilio ya hifadhi.

Kadi inajitoa na kurudi yenyewe

Ukipata taarifa kwamba kadi imeondolewa na hujaigusa, bonyeza trei taratibu au tikisa simu. Ikitokea wakati huo, kadi imelegea au meno ya tundu yamepinda, kazi ya fundi. Ikitokea simu imelala mezani, hasa wakati wa kunakili vitu vingi, kadi ndiyo inayozimia. Nakili vitu leo.

Unafuta picha, ukiwasha simu zimerudi

Hii huwachekesha watu mpaka waelewe. Unafuta, zinatoka. Unawasha upya, hizo hapo. Unafomati, simu inasema imefanikiwa, na picha za mwaka juzi bado zipo. microSD haina kile kitufe cha kufunga kilicho ubavuni mwa SD kubwa, kwa hiyo usikitafute, labda kama unatumia adapta kwenye kompyuta, hapo hakikisha hakijashuka. Kama adapta haihusiki, kidhibiti cha kadi kimegundua kwamba seli zake zimechakaa na kimejifunga kisipokee maandishi mapya. Bado kinasoma. Toa kila kitu sasa hivi kwenye kompyuta, na kama humo mna mambo ya siri, ivunje vipande kabla ya kuitupa, maana kufuta hakuwezekani tena.